Monoprinti kwenye oganza, shifoni na neti: dalili, visababishi na namna ya kurekebisha

Monoprinti ni chapa ya nakala moja: unapaka rangi kwenye bamba la jelatini au kioo, unalaza kitambaa au karatasi juu, unasugua na kuvua. Chapa ikiharibika kwenye karatasi, rangi ndiyo hulaumiwa kwanza, na mara nyingi ni haki yake. Kwenye oganza, shifoni, neti na voili ya pamba, lawama hiyo huwa inakwenda kusiko. Kitambaa kinachoonyesha kina nyuzi chache na matundu mengi. Rangi ina mahali padogo pa kushika, na hapo penyewe huenda pamepakwa dawa ya kiwandani, au ni uzi wa plastiki usiokunywa maji. Ndiyo maana hapa tunaanza na kitambaa, tunakwenda kwenye bamba na rangi, kisha tunamalizia na matabaka yakishapangwa juu ya lubugo (kitambaa cha gome la mti) au turubai.

Kanuni moja itakusaidia kuliko orodha yoyote ya makosa: rangi haipotei. Ukishavua kitambaa kutoka kwenye bamba, rangi iko mahali patatu tu: bambani, kitambaani, au kwenye karatasi uliyoweka mgongoni mwa kitambaa. Usitupe karatasi hiyo wala usifute bamba kabla hujaviangalia vyote vitatu kwa pamoja.

Jua kwanza ulichonunua

Jina la dukani si ushahidi. "Hariri" inayouzwa kwa mita Kiyembe, Kampala, mapazia ya neti ya mitumba kutoka soko la Owino, mabaki ya mafundi wa mapambo ya kwanjula (sherehe ya Kiganda ya utambulisho kabla ya ndoa) na harusi: vingi kati ya hivyo ni poliesta au nailoni. Chomoa nyuzi tano sita, zisokote pamoja, zishike kwa koleo dogo na uziwashe juu ya sahani ya bati. Pamba huwaka haraka, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Hariri huwaka kwa shida, hunuka nywele zilizoungua, na kishanga cheusi kinachobaki husagika kwa vidole. Poliesta hujikunja kuukimbia moto, huyeyuka, hutoa moshi mweusi na kuacha kishanga kigumu kisichosagika. Nailoni nayo huyeyuka na kuacha kishanga kigumu, ila huwa cha kijivu au hudhurungi. Subiri kipoe kabla hujakigusa. Plastiki iliyoyeyuka hunata kwenye ngozi.

Kisha fanya jaribio la tone. Tandaza kipande cha kitambaa mdomoni mwa glasi, kikaze kwa mpira, udondoshee tone moja la maji. Inama hadi macho yawe usawa wa kitambaa. Kwenye voili ya pamba iliyofuliwa sawasawa, tone hunywewa ndani ya sekunde mbili tatu na kuacha duara lililolowa. Kwenye kitambaa chenye dawa ya kiwandani linasimama kama ushanga, linang'aa, na ukiinamisha glasi linateleza lote kwa pamoja. Kwenye poliesta halinyweki hata baada ya kufua, lakini linajitandaza, kingo zake zinalala chini. Tofauti hiyo ndogo ya kingo ndiyo inayoamua kama rangi itashika uzi au itaukwepa.

Namna ya kufua inategemea nyuzi. Poliesta na nailoni: maji ya vuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo, dakika 10, suuza mara mbili. Kilainisha nguo kikae mbali, kwa sababu kinaacha utando unaozuia rangi. Voili ya pamba: chemsha dakika 20 hadi 30 na kijiko kimoja cha mezani cha soda ya kufulia kwa lita 4 za maji. Hariri usiichemshe kamwe. Ukakamavu wa oganza ya hariri unatokana na serisini, gundi ya asili ya kiwavi wa hariri ambayo haikuondolewa wakati wa kutengeneza uzi. Soda na maji ya moto huiyeyusha, nawe utabaki na kitambaa kilicholegea kama shifoni. Dakika 5 kwenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo zinatosha.

Mpangilio wa kulinganishia

Dalili zote zinazofuata zinapimwa dhidi ya mpangilio huu. Kama wako ni tofauti, sawa, ila jua umetofautiana wapi.

Bamba la jelatini la sentimita 20 kwa 25, unene wa sentimita 2 na kidogo: jelatini ya unga gramu 84 (kama vijiko 9 vya mezani vilivyosawazishwa), gliserini mililita 360, maji baridi mililita 360, maji yanayochemka mililita 360. Gliserini ni ileile ya kupaka ngozi inayouzwa kwenye maduka ya dawa, mradi iwe tupu, bila manukato. Changanya maji baridi na gliserini, nyunyiza jelatini juu, acha dakika 10 inywe, kisha mimina maji ya moto ukikoroga polepole kwa mwiko bila kupiga. Mimina kwenye trei iliyo sawa na uache usiku kucha.

Rangi: bainda ya maji (gundi inayoshikisha rangi kwenye kitambaa) wanayotumia wachapaji wa fulana, pamoja na pigimenti (chembe zenye rangi yenyewe) isiyozidi asilimia 5 ya uzito, yaani gramu 5 kwa gramu 100 za bainda. Ukiwa na akriliki ya kawaida, changanya nusu kwa nusu na midiamu ya kitambaa, kimiminika cha kuifanya akriliki ifae kitambaani. Maduka ya Nasser Road, Kampala, yanayohudumia wachapaji ndiyo mahali pa kuanzia kutafuta bainda.

Utaratibu:

1. Kaza kitambaa kwenye fremu ya mbao kwa pini, au kibandike tepu ya karatasi kingo zote nne.
2. Weka rangi mililita 2 hadi 3, nusu ya kijiko cha chai, na uisambaze kwa rola laini ya mpira.
3. Panga majani, kamba au karatasi zilizokatwa, ulaze kitambaa juu.
4. Weka karatasi ya gazeti isiyo na maandishi mgongoni, usugue kwa kiganja sekunde 20 hadi 30.
5. Vua ukianzia kona moja, ndani ya dakika moja tangu kitambaa kiguse bamba.

Sikiliza rola. Rangi ikiwa ya kiasi, rola hutoa mchakacho mwembamba kama wa tepu inayobanduliwa polepole. Ikiwa nyingi, utasikia kama mtu anayekanyaga tope. Kwa karatasi tope dogo linavumilika. Kwa oganza halivumiliki hata kidogo.

Chapa imetoka hafifu au ina mabaka

Rudi kwenye mahali patatu.

Rangi imebaki nyingi bambani, na kitambaa na karatasi ya mgongoni ni karibu safi? Iguse bambani kwa kidole. Kama hainati, ilikauka kabla ya kugusana na kitambaa. Kampala katika kiangazi cha Januari na Februari, utando mwembamba wa akriliki unaweza kukauka ndani ya dakika mbili, na wewe ulikuwa bado unapanga majani. Ongeza matone 3 ya gliserini kwa kijiko cha chai cha rangi, au panga majani yako juu ya karatasi kwanza ndipo upake bamba. Usipite matone 5. Zaidi ya hapo rangi haitakauka hata kitambaani, na vumbi la barabarani litaishi humo. Msimu wa mvua gliserini haihitajiki kabisa.

Rangi iko bambani lakini bado mbichi? Basi ni dawa ya kiwandani au mgandamizo. Rudia jaribio la tone. Kama tone linatandaa vizuri, tatizo ni mkono: kiganja hugandamiza katikati na kusahau kingo. Sugua kwa mizunguko midogo ukitoka nje kwenda ndani. Anayetumia kioo badala ya jelatini hukutana na hili kila siku, kwa kuwa kioo hakibonyei na kitambaa chepesi hakina unene wa kufidia. Weka kipande cha sponji ya godoro cha sentimita 1 juu ya karatasi ya mgongoni, ndipo usugue.

Bamba ni safi, karatasi ya mgongoni ina picha nzuri kuliko kitambaa? Rangi imepita kwenye matundu. Hili ndilo tatizo halisi la neti na shifoni iliyofumwa kwa uwazi, na halitibiwi kwa kuongeza rangi. Fanya rangi iwe nzito zaidi kwa kupunguza maji yote uliyoongeza, tumia kiasi kilekile cha mililita 2, na uvue baada ya sekunde 15. Neti yenye matundu makubwa ya milimita 2 au zaidi haitashika picha yenye maelezo madogo, hata ungefanya nini. Ipe maumbo makubwa tu. Na ile karatasi ya mgongoni yenye picha ya vitone, ikaushe na uihifadhi. Ni tabaka zuri la kuweka chini, na mara nyingine linaishinda chapa yenyewe.

Rangi imeenea, kingo zimeota ndevu

Kwenye kitambaa cha nyuzi, maji husafiri kufuata uzi. Ukiangalia kwa kioo cha kukuza, ndevu hizo haziendi kila upande: zinafuata mtande na mshindio (nyuzi za urefu na za upana), ndiyo maana duara linageuka msalaba. Karibu kila mara kisababishi ni maji yaliyozidi. Rola iliyooshwa haikukaushwa, kitambaa bado kina unyevu wa kufuliwa, au uliipulizia rangi maji ili isikauke. Kitambaa kiwe kikavu kabisa. Voili ya pamba iliyokauka nje siku ya mvua bado ina unyevu, ipige pasi kabla ya kuchapa.

Sababu ya pili ni bainda nyepesi mno. Weka tone kwenye kisu na ukiinamishe: rangi inayofaa hukaa sekunde tatu nne kabla ya kuanza kuteremka. Inayoteremka mara moja kama chai ya maziwa, iache wazi kwenye sahani dakika 20 ipoteze maji.

Ndevu zikishaingia hazitoki. Lakini kabla ya kutupa kipande, kiweke chini ya tabaka jingine la oganza. Kinachoudhi mkononi mara nyingi hugeuka ukungu wa kupendeza kikiwa nyuma.

Kuna picha mbili, moja kivuli cha nyingine

Kitambaa kiliteleza. Oganza na shifoni ya poliesta huteleza kuliko karatasi, na hali ikiwa kavu umeme tuli huvuta kitambaa kikagusa bamba kabla hujalenga. Ukikiinua na kukilaza upya, picha ya kwanza tayari iko pale.

Fremu inaondoa tatizo hili karibu lote. Kama huna, bandika ukingo mmoja wa kitambaa mezani kwa tepu ya karatasi kama bawaba ya mlango, usawa na bamba, halafu ukiteremshe ukianzia upande uliobandikwa. Umeme tuli huisha ukipitisha mgongoni mwa kitambaa kiganja chenye unyevu mdogo sana, mbali na bamba. Wapo wanaokaza kitambaa kwa uji mwepesi wa wanga wa muhogo ili kisicheze. Unafanya kazi, lakini wanga hukaa kati ya rangi na uzi, na siku ukiufua rangi huondoka nao. Kama ni lazima, paka kingo tu, sentimita 2 kuzunguka.

Kuna kivuli kingine kisicho kosa la kuteleza: karatasi ya mgongoni ilisogea ulipokuwa unasugua, nayo ikachapa rangi iliyopenya mara ya pili upande wa nyuma. Utakitambua kwa kugeuza kitambaa, kwani kivuli kiko wazi zaidi mgongoni kuliko mbele.

(Maandishi yakitoka kinyumenyume si tatizo la kutafutiwa dawa. Kwenye kitambaa kinachoonyesha, geuza tu upande.)

Kitambaa kimeng'ang'ania bamba

Umechelewa kuvua. Akriliki ni plastiki; ikianza kukauka inakuwa gundi kati ya jelatini na nyuzi. Usivute. Pulizia maji mgongoni, subiri dakika mbili, kisha ubandue ukivuta sambamba na bamba, si kwenda juu. Ukivuta kwenda juu, ngozi ya bamba hutoka vipande vidogo ambavyo hukauka kitambaani kama ganda la samaki.

Bamba lililochanika halitupwi. Likate vipande, yeyusha kwenye sufuria iliyo ndani ya maji ya moto, moto mdogo, usiache lichemke, kisha mimina upya. Hapo ndipo pa kuondoa mapovu pia: kabla halijaganda, burura ukanda wa gazeti juu ya uso wake kutoka upande mmoja hadi mwingine; mapovu hushikwa na karatasi. Povu moja lililoachwa ni kitone kimoja cheupe kwenye kila chapa utakayotoa.

Bamba limelegea, linanata au lina harufu

Jelatini huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 30 na kitu. Kampala asubuhi si shida. Shida ni chumba chenye paa la bati lisilo na dari saa nane mchana, na zaidi ukiwa Gulu, Arua au Moroto. Bamba likianza kuacha alama ya kidole isiyorudi, acha kuchapa. Liweke juu ya kigae cha sakafu kilichokaa kwenye maji baridi, fanya kazi asubuhi, au ongeza jelatini hadi gramu 100 kwa kipimo kilekile utakapoyeyusha tena.

Bamba lisilo na gliserini huota ukungu baada ya siku chache hata likiwa kwenye friji. Lenye gliserini hudumu miezi, lakini msimu wa mvua lifute kwa sabuni kidogo na maji, likauke, ulifunike kwa plastiki laini isiyo na mikunjo. Mikunjo ya plastiki hujichapa kwenye jelatini. Sanitaiza ya spiriti inaua ukungu, ila ikitumiwa kila siku inakausha ngozi ya bamba hadi ipasuke.

Madoa ya kahawia ambayo hukuyapaka

Angalia majani uliyotumia. Jani bichi la mgomba hutoa utomvu kwenye mshipa uliokatwa. Kitambaani unaonekana kama maji, kesho yake ni doa la kahawia lisilotoka kwa sabuni yoyote. Kata jani siku moja kabla, liache linyauke, ufute mahali palipokatwa. Liweke pia chini ya kitabu kizito saa moja: mshipa mnene huinua kitambaa na kuacha mpaka mweupe mpana kuzunguka jani. Jani la muhogo ni rahisi zaidi, kwa kuwa vidole vyake ni vyembamba na umbo lake linasomeka hata likichapwa vibaya.

Kama hukutumia majani na madoa yametokea baada ya kupanga matabaka, mtuhumiwa ni lubugo. Tutaifikia.

Rangi inapukutika ukikunja kitambaa

Ikipukutika kama magamba, ni nene mno. Kwenye poliesta rangi haiingii ndani ya uzi. Inauzunguka na kuushika kwa nje, kama mkono ulioshika bomba. Utando mwembamba unakunjika pamoja na uzi, mnene unavunjika. Chapa mara mbili nyembamba, ukiacha ya kwanza ikauke, kuliko mara moja nene.

Ikitoka kama unga mkavu kwenye kidole, pigimenti imezidi bainda. Ukipita asilimia 10, hakuna bainda ya kutosha kuzunguka kila chembe. Chapa hiyo unaweza kuiokoa kwa kuiviringishia bainda tupu, nyembamba sana, na kuipiga pasi.

Pasi yenyewe inahitaji uangalifu. Acha chapa ikauke saa 24. Pamba inastahimili nukta tatu za pasi, kama nyuzi joto 200. Poliesta na hariri usipite nukta mbili, kama nyuzi 150. Nailoni ni nukta moja, kama 110, nayo mara nyingi hujikunja ghafla bila onyo. Bila mvuke, karatasi ya kuokea juu na chini, dakika 3 hadi 5 kila eneo, ukisogeza pasi taratibu. Kwenye nailoni ongeza muda, usiongeze moto. Umeme ukikatika na ukalazimika kutumia pasi ya mkaa, dondosha tone la maji kwenye uso wake. Likitulia na kuchemka palepale, endelea kwa poliesta. Likirukaruka kama shanga, pasi imepita nyuzi 150 kwa mbali, na oganza itatoboka kabla hujainua mkono. Pigapiga pasi nje kwanza ili majivu yadondoke. Chembe moja ya makaa inatosha kutoboa kitambaa.

Kazi ya kutundika ukutani haihitaji kustahimili kufuliwa. Kama hutaifua, usiipige moto wa kukiunguza kitambaa kwa ajili ya ubora ambao hakuna atakayeuona.

Kila tabaka lilikuwa zuri, yakiwa pamoja ni tope

Hapa ndipo kazi nyingi hufia, na hapa rangi wala bamba havina kosa. Chapa ilikaguliwa mkononi, dhidi ya dirisha au meza nyeupe, kumbe itaishi juu ya kitu kingine.

Chukulia lubugo, gome la ndani la mti wa mutuba linalopigwa kwa nyundo za mbao hadi liwe kitambaa, sanaa ya Buganda ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu na kuiingiza kwenye orodha yake mwaka 2008. Rangi yake ni kahawia inayoelekea wekundu. Manjano angavu juu yake hupotea. Samawati hugeuka kijivu. Nyekundu hunenepa. Kinachosimama ni nyeupe nzito ya titani, nyeusi, na rangi yoyote iliyochanganywa na nyeupe hiyo kidogo. Kwa hiyo weka kipande cha lubugo kando ya bamba tangu mwanzo na ulaze kila chapa juu yake kabla ya kuamua.

Rangi ya kitambaa chenyewe nayo ina neno. Oganza nyeupe hutawanya nuru: kila kilicho nyuma yake hufifia kama kimefunikwa na moshi, nyeusi inakuwa kijivu. Oganza au neti nyeusi hutoweka yenyewe na kuacha cha nyuma kionekane, giza kidogo lakini wazi. Anayetaka kina atumie nyeusi au kahawia kwa matabaka ya mbele na aibakize nyeupe pale anapotaka ukungu hasa. Matabaka matatu meupe juu ya picha ndogo ni sawa na kuifuta.

Umbali pia. Tabaka lililogusana na la chini linaonyesha kila mstari. Ukiliinua sentimita 1 kwa vijiti vya mbao, mistari ya chini inalegea na kivuli cha chapa ya juu kinaanguka chini yake. Ukitaka tope lisafike bila kuchapa upya, mara nyingi vijiti vinne vinatosha.

Mawimbi yanayotembea ukitikisa kichwa

Oganza mbili za ufumaji mmoja zikilala sambamba, mistari ya nyuzi zake hukutana na kuachana, jicho likaona mawimbi makubwa kama ya bati. Mabati hayo hayako kwenye chapa, lakini yatameza chapa. Zungusha tabaka moja. Kwa oganza, ambayo nyuzi zake hukatana kwa pembe ya mraba, kuzungusha kwa digrii 45 ndiko kunakofanya mawimbi yawe madogo kabisa. Ukizungusha digrii 90 umerudi ulipoanzia. Kwa neti yenye matundu ya pembe sita, mpangilio hujirudia kila digrii 60, kwa hiyo zungusha 30. Ama changanya oganza na shifoni, ambazo ufumaji wake haulingani, na mawimbi hayatapata nafasi. Kumbuka kuzungusha kabla ya kukata, la sivyo utapungukiwa na kitambaa kwenye pembe.

Gundi inaonekana, lubugo imevimba

Gundi nyeupe ya seremala, hata ukiichanganya na maji nusu kwa nusu, hupita kwenye matundu ya oganza na kukauka kama kioo. Ukiipaka juu ya lubugo inafanya mabaya mawili kwa mpigo: maji yake yanailowesha lubugo, ambayo huvimba na kujikunja, na ukahawia wake unaweza kupanda hadi kwenye kitambaa cheupe. Hayo ndiyo madoa tuliyoyaacha njiani.

Shona. Uzi mmoja mwembamba wa poliesta, sindano ya mashine namba 60 au 70, mishono ya milimita 2 hadi 3. Kitambaa kikijikunja chini ya mguu wa mashine, weka karatasi laini ya kufungia zawadi chini yake, shona vyote pamoja, kisha uichane karatasi. Kingo zikichomoka nyuzi: poliesta pitisha haraka karibu na mwali wa mshumaa zifungane, hariri na pamba pinda au ziache zichomoke kwa makusudi, kwa sababu hakuna gundi itakayozizuia bila kuonekana.

Ilinyooka ukutani, baada ya wiki imelegea

Lubugo hunywa unyevu wa hewa na kutanuka, kisha husinyaa kiangazi kikirudi. Oganza ya poliesta haitikisiki kwa lolote kati ya hayo. Ukizishona pamoja pande zote nne, lazima moja ivute nyingine, na kulegea unakokuona ni oganza iliyobaki vilevile juu ya lubugo iliyosinyaa. Fumua pande tatu. Acha mshono wa juu peke yake, na chini pitisha kijiti chembamba ndani ya pindo la oganza ili uzito wake uivute. Tundika mbali na ukuta sentimita 2 ili hewa ipite nyuma, hasa miezi ya mvua, maana lubugo iliyobanwa kwenye ukuta wenye unyevu huota ukungu upande usiouona.